Kuzama si kazi, kazi ni kuibuka

Msomaji, huenda ungali unaukumbuka mkasa wa kivuko cha Likoni wa Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwa feri ya MV Harambee na kutumbukia baharini likiwa na mama na bintiye. Liliopolewa Oktoba 11. Siku zote hizo watu walisimama ukingoni na kuuliza swali moja: mbona wapiga mbizi wasiingie tu walitoe?

Gari hilo lilikuwa kwenye kina cha mita 58 hivi. Mkondo wa maji pale ni mkali na chini huko hakuonekani vyema, lakini hayo ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili imo mwilini mwa binadamu.

Hapa tulipo, hewa hutukandamiza kwa kipimo ambacho wataalamu hukiita angahewa moja. Hatuhisi lolote kwa sababu tumezaliwa humo. Ukizama baharini, kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo mwingine kama huo. Kwa hivyo aliye mita 58 chini hukandamizwa karibu mara saba ya kawaida. Nyama na mifupa havipondeki, maana sehemu kubwa ya mwili ni maji na maji hayabanwi kwa urahisi. Kinachobanwa ni hewa. Ili mapafu yake yasisinyae, mpiga mbizi hana budi kuvuta hewa yenye shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka. Hapo ndipo matata huanzia.

Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, asilimia 78, ni naitrojeni. Mwili hauna kazi nayo, huingia ikatoka. Lakini chini ya shinikizo kubwa huyeyuka na kujipenyeza katika damu, mafuta, neva na maungio. Kadiri mtu anavyozidi kwenda chini na kukaa huko, ndivyo anavyozidi kuibeba.

Tazama chupa ya soda iliyofungwa. Huoni povu lolote, ingawa gesi imo tele. Ifungue ghafla uone inavyofoka. Ifungue polepole mno na gesi itatoka bila fujo. Mpiga mbizi ni chupa hiyo. Akipanda taratibu, naitrojeni hurudi kwenye mapafu na kutoka kwa pumzi. Akipanda mbio, hugeuka mapovu humo humo ilimo. Mapovu yakikaa kwenye bega au goti, ni maumivu makali. Yakiziba mishipa ya uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza miguu. Yakifika kwenye ubongo au kujaa mapafuni, anaweza kufa.

Mbuzi wa Bwana Haldane

Maradhi haya hayakugunduliwa baharini. Katika miaka ya 1870, vibarua waliokuwa wakichimba misingi ya daraja la Brooklyn mjini New York walifanya kazi ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa ya shinikizo ili maji ya mto yasiingie. Walikuwa wazima wakiwa chini. Walipotoka nje ndipo walipopindwa na maumivu. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, aliugua vibaya mwaka 1872 na akabaki kuisimamia kazi kutoka chumbani mwake, mkewe Emily akipeleka maagizo.

Mfaransa Paul Bert alieleza mwaka 1878 kwamba mkosaji ni mapovu ya naitrojeni. Lakini ni mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliyetafuta namna ya kumtoa mtu chini salama. Aliwatumia mbuzi. Aliwatia katika chumba cha shinikizo, akawatoa kwa mwendo mbalimbali, kisha akaangalia ni yupi anayeinua mguu wa mbele kwa uchungu. Mwaka 1908 alichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo: mtu hupanda kiasi, husimama majini kwa dakika kadhaa, halafu hupanda tena. Majedwali ya leo yamerekebishwa sana, lakini kanuni hiyo ya kupanda kwa vituo ingalipo.

Sasa utaona tabu ya mita 58. Anayevuta hewa ya kawaida kwenye kina hicho hulewa. Naitrojeni nyingi hupumbaza akili kama pombe. Na hata akifanya kazi kwa dakika chache tu, sharti azilipe kwa muda mrefu zaidi wa kungojea njiani akipanda. Wanaopiga mbizi kwa burudani hushauriwa wasipite mita 40.

Kuishi ndani ya tangi

Je, vipi basi wale wanaochomelea mabomba ya mafuta mita 100 na zaidi chini ya bahari, kama kule Bahari ya Kaskazini kati ya Uingereza na Norway? Hao hawapandi kila jioni. Hawapandi kabisa mpaka kazi iishe.

Siri yenyewe ni hii. Mwili ukikaa kwenye kina fulani kwa takriban siku nzima, hufika mahali ukashiba gesi. Hauwezi kubeba zaidi. Kuanzia hapo, akae siku mbili au wiki tatu, muda wa kumrejesha ni ule ule. Daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, George Bond, aliliona jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1950 na kulijaribu kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu. Mwaka 1964 mabaharia wanne waliishi mita 58 chini ya bahari karibu na Bermuda katika nyumba ya chuma iliyoitwa SEALAB. Ndiyo, mita zile zile 58. Mradi huo ulisimamishwa mwaka 1969 baada ya mpiga mbizi Berry Cannon kufariki.

Siku hizi nyumba hiyo haiko chini ya bahari. Iko melini, nayo ni matangi ya chuma yaliyounganishwa, yenye vitanda, choo na meza ya kulia. Ndani huwekwa shinikizo sawa na la chini ya bahari. Wafanyakazi hula na kulala humo, huenda hadi siku 28, na zamu ikifika huteremshwa kwa chombo kiitwacho kengele ambacho nacho kina shinikizo lile lile. Chakula hupitishwa kwa kijilango chenye milango miwili.

Hawavuti naitrojeni, kwani ingewalewesha. Huchanganyiwa heliamu, ile gesi ya maputo, pamoja na oksijeni asilimia chache tu, maana oksijeni ikizidi chini ya shinikizo hugeuka sumu na kumtia mtu kifafa cha ghafla. Heliamu nayo ina vituko vyake. Sauti huwa nyembamba kama ya katuni hata kuwe na mtambo wa kuifasiri kwa walio juu. Tena hunyonya joto la mwili upesi, hivyo aliye kazini humiminiwa maji ya moto ndani ya vazi lake kupitia mrija mmoja na ule wa kumletea pumzi. Na wanaokwenda chini kabisa hutetemeka mikono. Kampuni ya COMEX ya Marseille ilimfikisha Théo Mavrostomos kwenye shinikizo la mita 701 mwaka 1992, lakini hiyo ilikuwa ndani ya tangi nchi kavu.

Kumrejesha mtu huchukua kama siku moja kwa kila mita 30, na siku moja zaidi. Aliyekuwa mita 90 atakaa takriban siku nne akipunguziwa shinikizo. Fikiria maana yake. Akishikwa na kidole tumbo, hakuna kumkimbiza hospitalini. Daktari ndiye ataingia kwake. Akipata habari ya msiba nyumbani, atalia humo humo. Mwanaanga akikwama angani aweza kurudi ardhini kwa saa chache. Huyu yuko hatua kumi kutoka jikoni mwa meli na hawezi kutoka.

Mnamo Novemba 5, 1983, kwenye mtambo wa Byford Dolphin upande wa Norway, kifungo kinachoshikilia kengele kilifunguliwa kabla mlango wa ndani haujafungwa. Shinikizo lilishuka kutoka angahewa tisa hadi moja kufumba na kufumbua. Wapiga mbizi wanne walikufa papo hapo pamoja na mhudumu mmoja aliyekuwa nje.

Si visa vyote vilivyoishia hivyo. Septemba 18, 2012, meli iliyokuwa juu ya Chris Lemons ilipoteza mtambo wa kuitulizia mahali pamoja, ikasukumwa na mawimbi, na mrija wake ukakatika. Alibaki gizani mita 90 hivi chini, bila maji ya moto, akiwa na pumzi ya akiba ya dakika chache. Wenzake walimfikia akiwa amekaa takriban nusu saa bila ya kuvuta chochote. Walipompulizia pumzi ndani ya kengele, alizinduka. Inadhaniwa baridi kali na oksijeni nyingi aliyokuwa ameshavuta vilimlinda ubongo. Baada ya wiki chache alirudi kazini.

Saa inayotema gesi

Katika vyumba hivyo vya heliamu kulitokea jambo lililowashangaza watengenezaji wa saa. Chembe za heliamu ni ndogo mno. Wapiga mbizi walipokaa siku kadhaa nayo, ilijipenyeza hadi ndani ya saa zao, zilizokuwa haziingii hata tone la maji. Chini, saa zilikwenda sawasawa. Wakati wa kurejeshwa, shinikizo la chumba liliposhuka, gesi iliyomo ndani ilikosa pa kutokea na kioo kikafyatuka kama kizibo. Saa zilikuwa zimepata maradhi ya wenye kuzivaa.

Mwaka 1967 kampuni ya Rolex ya Uswisi ilitia kivali kidogo chenye springi ubavuni mwa saa yake ya Sea-Dweller ili heliamu itoke yenyewe. Wajapani wa Seiko, waliopokea mwaka 1968 barua ya malalamiko kutoka kwa mpiga mbizi wa nchi yao, walitoa jibu lao mwaka 1975: wao hawakuweka mlango wa kutokea, waliziba wa kuingilia.

Saa za kupigia mbizi zilikuwapo kabla ya hapo. Blancpain ilitoa yake mwaka 1953 na Rolex ikaleta Submariner karibu na wakati huo. Angalia pete iliyoizunguka saa ya namna hii. Mpiga mbizi huizungusha kuweka alama wakati anapozama, ili ajue dakika alizokaa. Ile iliyotengenezwa ipasavyo huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwa bahati mbaya itamwambia amekaa zaidi ya alivyokaa, naye atapanda mapema. Haiwezi kumwambia amekaa kidogo.

Siku hizi wengi hutumia kompyuta ya mkononi, na aliye kwenye tangi huhesabiwa dakika na msimamizi aliye juu. Hata hivyo saa hizi zinapendwa kuliko zamani. Sean Connery alivaa Submariner katika filamu ya James Bond ya mwaka 1962, na tangu hapo mtu asiyewahi kuloa zaidi ya mvua ya Aprili hujihisi shujaa akiwa nayo kwenye lifti ya ofisini. Hakuna ubaya. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuokoa maisha huwa na uzuri wake. Ila tukumbushane kwamba saa iliyoandikwa mita 300 yaweza kufika mita 300, mwenyewe hawezi. Nayo iliyoandikwa mita 30 si ya kupigia mbizi hata kidogo. Hiyo ni ya kunawa mikono. Na kama umerithi saa ya kabla ya miaka ya 1960 yenye rangi ya kung'aa gizani, usiifungue mwenyewe. Nyingi zilipakwa radiamu, na vumbi lake likivutwa au kumezwa ni hatari.

Wewe uliye Diani

Ukienda kupiga mbizi kwa mtungi Diani, Watamu au kwingineko Pwani, panda polepole kuliko mapovu yako madogo, na usimame dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka. Usipande ndege siku hiyo. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 ukizama mara kadhaa. Ukidhani utakwepa kwa treni au gari, kumbuka Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Chupa itakuwa inafunguliwa zaidi.

Dalili nyingi hujitokeza ndani ya siku moja: maumivu ya bega au kiwiko, ganzi, ngozi kuwasha, uchovu usio wa kawaida, miguu kulegea, kushindwa kukojoa. Wapo wanaodhani ni malaria au wamelala vibaya. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni na apelekwe upesi kwa wenye chumba cha shinikizo. Asirudishwe majini eti yatamtibu. Na ukifika kwa daktari yeyote, mwambie ulikuwa umezama, mita ngapi na saa ngapi, hata kama hakukuuliza.