Homa Isiyokwisha: Siri ya Alama ya Kukoma

Msomaji, ukipanda gari Lodwar kwenda Kakuma, unamtegemea utingo. Akisinzia, utapitishwa hadi Lokichoggio. Akigonga bodi mapema, utashushwa nyikani. Chembe za mwili nazo zina matingo wao.

Kila chembe husoma ujumbe wa jeni ili kuunda protini. Mwishoni mwa ujumbe pana alama ya kukoma. Alama hiyo hutambuliwa na protini maalum za ukomeshaji, nazo huiachilia protini iliyokamilika. Zikipungua, usomaji huweza kuipita alama, na protini ikatoka na mkia usiotakiwa.

Je, chembe hujuaje kiasi kinachotosha? Bakteria ya matumbo iitwayo E. coli ina mbinu iliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1985. Ujumbe wa protini yake mojawapo ya ukomeshaji una alama ya kukoma karibu na mwanzo. Protini hiyo ikiwa tele, usomaji hukatizwa papo hapo. Ikiwa haba, usomaji husita, huteleza herufi moja, kisha huendelea hadi mwisho, na protini mpya hupatikana. Upungufu hujitibu wenyewe.

Jambo hili lakuhusu nini? Turkana kuna kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, mdudu apendaye kujificha katika vichuguu. Dalili zake ni homa ya zaidi ya wiki mbili, kukonda, upungufu wa damu na tumbo kuvimba kwa sababu ya bandama. Wengi hudhani ni malaria. Bila tiba, karibu kila mgonjwa hufa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Afrika Mashariki sindano za siku 17 za dawa mbili, mojawapo ikiwa paromomisini. Dawa za jamii hii hushika mtambo unaosoma ujumbe, nao husoma kombo; hata alama ya kukoma huweza kurukwa. Mtambo wa binadamu haushikwi kwa urahisi hivyo. Hata hivyo, masikio na figo huweza kudhurika, kwa hiyo dawa hii hutolewa chini ya uangalizi wa daktari tu.

Ukirudi mjini kutoka Lodwar au Kakuma, na homa isikuachie hata baada ya dawa ya malaria, mwambie daktari ulikotoka. Tone la damu ya kidoleni latosha kuanza uchunguzi. Ukianza sindano, zimalize zote, hata kama homa imeshuka. Tiba iliyoachwa njiani huupa ugonjwa nafasi ya kurudi.