Je, Wajua? Sekunde za Msomaji wa Bunia

Je, wajua kwamba kutoka Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri mashariki mwa Kongo, hadi Kampala ni kama kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, ilhali hadi Kinshasa ni karibu 1,800? Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki ambako kebo ya WACS huingia Kongo kutoka baharini, ni mbali zaidi: kilomita 2,100 na ushee. Mombasa, penye kebo za Bahari ya Hindi, ni kama 1,200. Mtengenezaji wa tovuti aliyeko Kinshasa au Paris akikwambia kazi yake "ina kasi", muulize: kwa nani? Akiwa wapi? Ameshika simu gani?

Je, wajua kwamba mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani theluthi mbili tu ya kasi yake kwenye anga tupu? Kutoka Bunia hadi jimbo la Virginia, Marekani, ambako seva nyingi sana za dunia zimerundikana, ni takriban kilomita 11,400. Kwenda na kurudi ni milisekunde 114, hata kebo ingenyooka bila kona. Lakini kebo hazinyooki. Hufuata pwani, hupita vituo, na kila mtambo njiani hujichukulia muda wake.

Na safari si moja. Kabla herufi ya kwanza haijaonekana, simu huuliza kwanza anwani ya tovuti, kisha hubisha hodi kwa seva, kisha wawili hao hukubaliana namna ya kuficha mazungumzo yao, ndipo ukurasa unapoombwa. Ni safari nne. Kila moja ikila milisekunde 300, sekunde 1.2 zimekwisha na skrini bado nyeupe. Kanuni ya kuficha mazungumzo hayo huitwa TLS, na toleo lake la 1.3, lililokamilishwa mwaka 2018, liliondoa safari moja nzima katika hatua ya kukubaliana siri. Mtu wa London hakuona tofauti kubwa. Mtu wa Ituri aliokolewa karibu theluthi ya sekunde kwa kila seva mpya anayokutana nayo.

Je, wajua kwamba seva hutuma mara ya kwanza kama kilobaiti 14 tu, kisha hungoja simu ithibitishe kupokea kabla ya kuongeza? Ukurasa ambao mambo yake ya lazima yanaenea katika kilobaiti hizo 14 hufika kwa mkupuo mmoja.

Na pasipo na kebo? Satelaiti za zamani, zile zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, huchukua karibu nusu sekunde kwa ombi kupanda na kushuka na jibu kupanda na kushuka. Hakuna fundi wa kulipunguza hilo. Zile za Starlink huzunguka kama kilomita 550 tu kutoka ardhini, na kampuni hiyo ilipata kibali cha kufanya kazi Kongo Mei 2025.

Je, wajua kwamba kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP cha Nairobi, barua pepe ya Mkenya kwenda kwa jirani yake aliye na kampuni nyingine ya mtandao ilikuwa ikipitia ng'ambo? Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2000, kikafungwa kwa malalamiko ya shirika la simu la taifa, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kwa Bunia jambo hilo si historia ya kusoma tu: data ya wapangaji wawili wa nyumba moja, wenye laini za kampuni mbili, inaweza kukutana mbali sana na uzio wao.

Je, wajua kwamba subira ya binadamu ilipimwa kabla ya tovuti ya kwanza kuwapo? Robert Miller aliandika juu ya muda wa kujibiwa na kompyuta mwaka 1968, na Jakob Nielsen akaueleza upya mwaka 1993. Ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huona chombo kinamtii papo hapo. Ndani ya sekunde moja, mawazo hayakatiki. Zikipita 10, akili imeshahama.

Sasa tuje kwenye upimaji wenyewe. Kuna njia mbili, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni ya maabara: programu kama Lighthouse hufungua ukurasa ikijifanya simu ya kawaida kwenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 150. Ni kipimo kizuri kwa fundi anayetafuta hitilafu, kwa sababu hali haibadiliki leo na kesho. Ya pili ni kupima watu wenyewe: kila msomaji anapofungua ukurasa, kivinjari chake huandika muda na kuutuma. Tangu Desemba 2012, W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoidhinisha kanuni za kupima muda wa kufunguka kwa ukurasa, vivinjari vina saa hiyo ndani yake. Ya kwanza inakueleza ukurasa ungefanya nini. Ya pili inakueleza umemfanyia nini mtu.

Je, wajua vipimo vitatu ambavyo Google hutumia leo? LCP ni muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, sekunde 2.5 au pungufu ni vizuri, zaidi ya 4 ni vibaya. INP ni muda kati ya kubonyeza na skrini kuitikia. Milisekunde 200 ni vizuri, zaidi ya 500 ni vibaya. Kipimo hiki kilichukua nafasi ya kile cha zamani tarehe 12 Machi 2024, kwa kuwa cha zamani kiliangalia mbonyezo wa kwanza peke yake, na tena kilihesabu kucheleweshwa kwa kuanza tu, bila kazi inayofuata. Cha tatu, CLS, hupima jinsi vitu vinavyorukaruka.

Hicho cha tatu ndicho ambacho ningependa kila mhariri wa tovuti akione kwa macho. Mtazame mwanafunzi aliyeketi mtaa wa Nyakasanza, Bunia, jioni, chaji imebaki asilimia 12. Anafungua orodha ya waliokubaliwa chuoni. Skrini nyeupe. Kichwa kinatokea, kisha majina. Anapeleka kidole kwenye idara yake, na hapohapo picha ya biashara inaingia kutoka juu, majina yote yanasukumwa chini, kidole kinaangukia tangazo. Ukurasa mwingine kabisa unaanza kufunguka, mega zinaliwa, naye hajui kama jina lake lilikuwamo. Aliyetengeneza ukurasa huo angeandika tu kimo cha picha mapema, nafasi yake ingetengwa na majina yasingetikisika. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Na ile chaji ya asilimia 12 nayo ina neno lake. Simu iliyowekwa katika hali ya kubana betri hupunguza nguvu ya prosesa. Ukurasa uleule, simu ileile, rezo (mtandao) ileile: asubuhi baada ya kuchaji unaitikia, jioni unagoma. Hakuna maabara inayojifanya betri ya jioni.

Je, wajua jinsi wastani unavyopotosha? Chukua wasomaji kumi. Ukurasa uliwafungukia kwa sekunde 1, 1, 1, 2, 2, 2, 3, 3, 9 na 26. Jumla ni 50, wastani ni 5. Wanane kati yao hawakungoja hata zaidi ya 3, na wawili waliobaki walingoja 9 na 26. Sekunde 5 hakuna aliyeziona. Ndiyo maana Google huangalia mahali wanapofikia asilimia 75 ya watembeleaji, ambapo kwa hesabu yetu ni sekunde 3. Hiyo ni afadhali, lakini usiiamini kupita kiasi: wale wawili wa mwisho wamebaki nje ya kipimo, na tovuti inaweza kupewa alama ya kijani huku wao wakiteseka kila siku. Kwa tovuti ya taifa yenye wasomaji wengi Kinshasa na Lubumbashi, ni rahisi mkoa mzima kukaa ndani ya ile robo isiyotazamwa. Dawa yake haina gharama. Tenga hesabu za Ituri, zisome peke yake, na usome pia mahali wanapofikia asilimia 95.

Lakini je, wajua kwamba kuitenga Ituri si rahisi? Mahali alipo msomaji hukisiwa kwa anwani ya mtandao ya simu yake, na anwani za kampuni za simu mara nyingi huandikwa mji uliko mlango mkuu wa kampuni. Msomaji wa Mudzipela, mtaa wa Bunia, anaweza kuhesabiwa kuwa wa Kinshasa. Aliyeko Mahagi, mpakani, mwenye laini ya Uganda anahesabiwa Mganda. Kisha kuna saa: Kinshasa iko saa moja nyuma ya Bunia, na Kampala saa moja mbele. Anayesoma grafu kwa saa za Kinshasa ataona msongamano wa jioni wa Bunia mahali usipokuwapo.

Je, wajua nani hayumo kabisa kwenye ripoti ya watumiaji wa Chrome, ambayo Google huitoa tangu 2017 kwa kujumlisha siku 28 za nyuma? Hayumo mwenye iPhone, hata akitumia Chrome. Hayumo anayefungua habari ndani kwa ndani ya programu kama Facebook. Hayumo wa Opera Mini, kivinjari kilichopendwa Afrika kwa sababu kurasa huandaliwa kwenye seva zake na kufika simuni zikiwa zimebanwa. Na tovuti yenye wasomaji wachache, kama ya shule au parokia ya Bunia, haitokei kamwe. Mwenye tovuti ya aina hiyo apime mwenyewe. Maktaba ya vipimo ya web-vitals ni ya bure na ina uzito wa kama kilobaiti 2.

Sasa kisa ambacho, kwa maoni yangu, kila mtu wa kazi hii angepaswa kukijua kwa moyo. Chris Zacharias, mhandisi wa YouTube, aliona ukurasa wa kutazama video umefikia megabaiti 1.2. Akaupunguza hadi kilobaiti 98, mradi ukaitwa Feather, akautoa kwa sehemu ndogo ya watazamaji. Alipotazama vipimo, wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umepanda. Ukurasa mwepesi mara kumi na mbili, na kwa mujibu wa hesabu unachelewa zaidi! Karibu akate tamaa, hadi hesabu zilipogawanywa kwa ramani. Watu wa kusini-mashariki mwa Asia, Amerika Kusini, Afrika na sehemu za mbali za Siberia walikuwa wameingia kwa wingi. Kwao ukurasa wa zamani ulihitaji dakika 20, kwa hiyo hawakuwa wakiufungua kamwe. Feather iliwachukua dakika mbili, na dakika mbili ziliwatosha. Aliyaandika hayo mwaka 2012.

Rudia kulisoma hilo ukiwa na Bunia akilini. Aliyeshindwa kufungua hatumi kipimo. Aliyeangukiwa na rezo katikati hatumi kipimo, kwa maana taarifa yenyewe husafiri kwa rezo hiyohiyo. Kadiri hali ya mtu inavyokuwa mbaya, ndivyo uwezekano wa kuhesabiwa kwake unavyopungua. Grafu nzuri kutoka Ituri inaweza kuwa grafu ya wenye simu nzuri peke yao.

Mfano mkubwa kuliko wote: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti Kongo nzima kwa takriban siku 20. Katika vipimo vya kasi, siku hizo hazionekani kuwa mbaya. Hazionekani.

Je, wajua kwamba ukurasa wa kati wa tovuti kwenye simu, kwa hesabu za HTTP Archive, mradi unaopima kurasa za wavuti, sasa unazidi megabaiti 2? Mwenye kifurushi cha mega 100 hafikishi kurasa 50. Anayelipia kila mega hupima tovuti kwa pesa yake kabla ya saa yake, na kipimo hicho hakimo kati ya vile vitatu vya Google.

Je, wajua kwamba Wikipedia iliwahi kuwauliza wasomaji wenyewe? Katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha pia Wikipedia ya Kifaransa inayosomwa sana Kongo, msomaji aliulizwa kama ukurasa umefunguka kwa kasi ya kutosha. Majibu zaidi ya 60,000 yalikusanywa. Wengi waliridhika, ila vipimo vya mashine havikuweza kubashiri vizuri nani angesema ndiyo na nani hapana.

Na wale wasiohesabiwa, je, wanaweza kupatikana? Kwa kiasi, ndiyo. Seva huandika kila ukurasa ulioombwa, hata usipofika. Linganisha idadi hiyo na taarifa za vipimo zilizorudi. Maombi yakiwa 1,000 na taarifa 700, basi 300 zimepotea njiani. Baadhi ni za roboti na za waliozuia vipimo, na zilizobaki ni za watu waliofunga au waliokatikiwa na rezo kabla ya mwisho. Fanya hivyo kila wiki, mji kwa mji kadiri uwezavyo. Mbinu ya pili wakazi wa Ituri wameiona ikifanya kazi: KoboToolbox, iliyotoka kwa watafiti wa Harvard waliofanya tafiti za maoni mashariki mwa Kongo, huhifadhi majibu ndani ya simu pale pasipo na rezo, kisha huyatuma ikirudi. Kipimo cha ukurasa ulioshindikana kinaweza kuwekwa simuni vivyo hivyo, kikangoja, na kutumwa msomaji atakapofungua tena kesho yake.