Mtoto wa Mwisho Kushuka Matatu

Mzazi wa mtaa wa Migosi, Kisumu, akisikia mwanawe amejiunga na raga, hofu yake ya kwanza huwa shingo, ya pili meno. Ana haki ya kuhofu, na wenye mchezo wamelifanyia kazi jambo hilo: kwa wachezaji wa chini ya miaka 19, kanuni haziruhusu skramu isukumwe zaidi ya mita 1.5, na kila kipindi huchezwa dakika 35 badala ya 40. Shingo ya mtoto imewekewa kanuni. Safari yake ya kurudi nyumbani klabu nyingi huiacha mikononi mwa yeyote aliyejitolea.

Chukua Jumamosi ya mashindano. Timu imetoka Nakuru, na matatu ya kukodi inaingia Kondele saa tatu usiku. Wawili wanashuka hapo, mmoja anapelekwa Kenya Re, ndugu wawili Manyatta, kisha gari linageuka kuelekea Migosi. Kila kituo kinapunguza watoto, mpaka anabaki mmoja na kocha na dereva. Sisi tunaoshughulikia ulinzi wa watoto tukialikwa kwenye klabu, kabla ya kuuliza tabia za kocha, tunauliza nani hushuka mwisho.

Mara nyingi kocha huyo ni mtu mwema kabisa. Anafundisha bure, ananunua maji kwa pesa zake, anamfuata mwalimu mkuu kumwombea mtoto karo. Bila watu kama yeye, vijana wa Migosi wasingeujua mpira huu hata kidogo. Wangebaki kusikia habari za timu ya Maseno School na kutazama mashindano ya Dala Sevens kwa mbali. Shida ni kwamba mwenye nia mbaya naye hufanya yale yale. Huanza na njumu. Mtoto hana, na mzazi hana za kununua, kwa hiyo zawadi inapokewa kwa shukrani na nyumba nzima. Kisha nauli, kisha simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kisha ujumbe wa saa nne usiku unaoanza na mechi na kuishia kwingine. Wakati huo mtu huyo ameshakunywa chai sebuleni na kuitwa mwalimu. Mtoto anaona jinsi mama yake anavyomheshimu, naye anajiuliza: nikisema, nani ataniamini?

Kwa hiyo klabu isijaribu kusoma mioyo ya watu. Ipange mambo yake ili mwema na mbaya wote wawili wakose nafasi ya kuwa peke yao na mtoto. Njumu zigawiwe na klabu, mzazi akijua. Ujumbe upitie kwenye kundi la WhatsApp lenye wazazi na zaidi ya kocha mmoja. Safarini wawepo watu wazima wawili, na timu ya wasichana iwe na mwanamke aliyepewa kazi hiyo rasmi. Mama aliyejipatia lifti tu hatoshi. Wakilala ugenini, watu wazima wana chumba chao na watoto chao. Na matatu isimame mahali pamoja panapojulikana, wazazi wakiwa wanangoja, badala ya kuzunguka mitaa kugawa watoto kama magazeti. Mzazi atalalamika kwamba saa tatu ni usiku mno kutoka nyumbani. Alalamike, lakini atoke.

Shule ina ulinzi ambao klabu haina. Mwaka 2010 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilitoa waraka juu ya kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na mwalimu anayepatikana na hatia hufutwa kwenye sajili. Akishafutwa, hapati darasa tena. Lakini jioni anaweza kusimama uwanjani na filimbi shingoni, na katika klabu changa ya mtaa hakuna atakayemuuliza alikotoka. Wanaojitolea hawasaili wenzao, wanaona haya.

Dawa inayotajwa haraka ni cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, DCI. Kinaombwa kwa eCitizen kwa shilingi 1,050, na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre. Kila kocha awe nacho, sina ubishi. Ila kinaonyesha rekodi iliyopo kwa polisi tu. Kesi iliyozimwa kijijini kwa mbuzi wawili na kikao cha wazee haimo humo. Simu moja kwa klabu aliyotoka itakuambia zaidi: kwa nini aliondoka, na je, mngemrudisha?

Sheria yenyewe si dhaifu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtaja mtu aliyeaminiwa ambaye anatumia nafasi hiyo kumrubuni aliye chini ya uangalizi wake. Kifungo chake hakipungui miaka kumi. England na Wales, kwenye kitovu cha mchezo huu, walimu wa shule walibanwa mapema, lakini makocha wa michezo waliingizwa kwenye sheria ya aina hiyo mwaka 2022 tu. Na sheria yetu inasema mtoto, haisemi msichana. Nalisisitiza hili kwa sababu ya raga. Mchezo unaomsifu mvulana kwa kuvumilia maumivu humfundisha pia kunyamaza.

Akivunja ukimya, anayemsikia asigeuke mpelelezi. Amsikilize, aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, asimwahidi siri, na asimwite mshukiwa ajieleze. Ikiwa kuna kitendo kilichotokea karibuni, saa 72 za mwanzo ndizo za dawa za kuzuia HIV, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Mtoto asiogeshwe kwanza. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Kutoka Migosi hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga haiko mbali. Unaweza kuanzia hapo kabla ya polisi. Fomu ya polisi ya P3 itafuata. Namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Na familia zikishaelewana? Hata zikielewana, sheria ile ya 2006 haikuziachia familia wala askari uamuzi wa kusitisha kesi. Uamuzi huo uko kwa mwendesha mashtaka wa serikali.

Nirudi kwenye majeraha ya uwanjani, hasa la kichwa, ambalo nadhani limetengwa na haya mengine bila sababu. Januari 2011, huko Carrickfergus, Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aitwaye Ben Robinson aligongwa kichwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya shule, akaendelea kucheza, akafa. Leo agizo la raga duniani kwa watoto ni moja: ukishuku mtikisiko wa ubongo, mtoe, na siku hiyo asirudi uwanjani. Agizo ni rahisi kulitamka. Kulitekeleza kunahitaji mtoto wa miaka 14 amwambie kocha, fainali ikiwa imebaki dakika chache, kwamba anaona vitu viwili viwili. Asiyeweza kumwambia kocha hilo kwa hofu ya kupoteza namba yake, hatamwambia mtu yeyote wa klabu kuhusu ujumbe wa saa nne usiku.

Ndiyo maana napenda klabu imteue mtu asiyehusika na matokeo, hata kama ni mama mwenye kibanda cha mboga soko la Migosi ambaye hajui laini-auti ni nini. Jina na namba yake ya simu viwe kwa kila mtoto na kila mzazi. Apewe mamlaka mawili: kumtoa mchezaji uwanjani bila kubishana na kocha, na kupokea malalamiko bila kupitia kwa kocha. Aingie kwenye kamati ya klabu, awe na kura, na nauli yake ya safari ilipwe kabla ya ile ya mchezaji wa kumi na tano.