Ukienda Zanzibar kujirusha, panda boti na jina lako

Leo naomba tukae kitako tuongee habari ya meli. Sio meli za mizigo zinazosubiri zamu nje ya bandari, la hasha. Naongelea safari ya starehe, tena ile ya mara ya kwanza, ambayo kijana wa mjini anaidundulizia pesa miezi sita, anaitangazia mtaa mzima, halafu siku ikifika anatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani likizo ya meli wameizoea. Mtu anapanda hoteli inayoelea, yenye mabwawa ya kuogelea, kumbi za muziki na migahawa, anazungushwa visiwani wiki nzima, akirudi kwake kanenepa. Na usidhani sisi ni wageni kabisa kwenye mambo hayo. Kiwanda cha Meyer Werft cha Papenburg, Ujerumani, ambacho kinajulikana duniani kwa kuunda meli kubwa za starehe, ndicho kilichounda mwaka 1913 meli tunayoijua kwa jina la Liemba. Ilisafirishwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikaungwa hukohuko, ikaingia Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo ukoo tunao, ila sisi tumeangukia upande wa ndugu maskini.

Kwa mtoto wa Dar asiye na mjomba Ulaya, likizo ya kwanza ya meli ni boti ya Zanzibar. Ni kama kilomita 70 tu za maji, saa mbili hivi kwa boti iendayo kasi. Unaingilia pale bandarini mjini, unatokea Malindi, unabaki na siku zako mbili za kula pweza Forodhani. Raha iliyoje!

Sasa muulize anayekwenda mara ya kwanza amejiandaaje. Atakutajia nywele, miwani ya jua, viatu vya wazi, nguo ya kuogelea na chaji ya simu. Akimaliza hapo, kwake maandalizi yamekwisha. Mwanangu, bado kabisa!

TUMBO KWANZA

Bahari haijali umevaa nini. Maji ya pale katikati yakichafuka, bitozi aliyepanda kwa mapozi utamkuta kaushika mfuko wa kutapikia kwa mikono miwili kama anapokea zawadi ya mshindi.

Anza na msimu. Kusi hupiga kwa nguvu hasa Juni mpaka Agosti, na kaskazi huvuma Desemba mpaka Machi. Watu wa pwani wana neno lao, tanga mbili, yaani kipindi ambacho pepo zinapeana zamu na bahari inatulia. Kuna ya Aprili, lakini hiyo inakuja na masika, mvua itakuogesha kabla hujaifikia bahari. Kama una nafasi ya kuchagua, mimi nakwambia Oktoba.

Siku ya safari kula kitu chepesi: chai ya tangawizi na mkate, au ndizi mbili. Usipande na njaa, wala usipande na chipsi mayai sahani nzima. Kama wewe ni wale ambao basi likianza kupanda Kitonga tu unaomba mfuko, pitia duka la dawa ukaulize vidonge vya kuzuia kichefuchefu, umeze kama saa moja kabla ya kuondoka. Ukingoja mpaka uanze kutapika, kidonge nacho kitatoka na wenzake. Vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo usichanganye na bia. Dada mwenye mimba amuulize daktari kwanza.

Ndani ya boti, kaa katikati, ghorofa ya chini. Mbele na juu ndiko kunakorushwa zaidi, ingawa ndiko kila mtu anakokimbilia kupiga picha. Ukianza kujisikia vibaya, weka simu mfukoni utazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Macho yakiona kile ambacho mwili unakisikia, tumbo linatulia.

MZIGO NA MAVAZI

Beba begi moja unaloweza kulishika mwenyewe, la sivyo makuli watakunyang'anya mkononi na bei utaisikia mwisho wa safari. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Huku bara ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar walitutangulia.

Dada, weka kanga mbili. Kanga ni taulo, ni shuka, ni blanketi boti ikizidisha kiyoyozi, na ni heshima ukipita Mji Mkongwe. Nguo ya kuogelea mwisho wake ufukweni. Mitaani funika mabega na magoti, wala hutapungukiwa na uzuri. Ukienda mwezi wa Ramadhani, usitembee unatafuna barabarani. Kaka nawe usijione umeachwa, hakuna anayetaka kukuona kifua wazi Darajani.

Fika bandarini saa nzima kabla. Tiketi kata dirishani, mwenyewe, na kitambulisho chako mkononi. Wale wanaokukimbilia ukishuka tu kwenye daladala, "dada Zanzibar, dada Zanzibar", waambie asante uendelee na safari yako.

HARUSI YA MOROGORO

Hapo kwenye tiketi ndipo penye habari yenyewe iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana tulipanga safari watu wanne: mimi, binamu yangu, shoga yangu mmoja wa Magomeni na bwana'ke. Pesa tulikuwa tumeshachanga. Shoga yangu kwao ni wakali, akaaga kwamba anakwenda kwenye harusi Morogoro. Tena hakuishia hapo. Ana mjomba anayefanya kazi bandarini, na bwana'ke akaona huyo asije akaliona jina lake kwenye orodha ya abiria. Akamtafuta mtu wa kumkatia tiketi kwa jina la dada mwingine kabisa.

Tulikuwa tunayasema haya nyumbani kwetu, uani, tunacheka. Mama mkubwa, ambaye ni mtu wa Bukoba, alikuwa pembeni anachambua mchele. Yeye hakucheka. Akaliweka ungo chini, akamwambia shoga yangu, "Mwanangu, ukizama wewe huko, mama yako atakwenda kukutafuta Morogoro."

Kicheko kikakata.

Ndipo akatuhadithia habari za kijana wa jirani yao aliyekuwa Mwanza mwaka 1996. Wengine walisema alipanda meli siku ile, wengine walisema hakupanda. Maiti yake haikuonekana, na jina lake halikuwa popote. Mama'ke, kila mlango ulipogongwa usiku, aliinuka. Miaka na miaka.

Sisi wa rika langu MV Bukoba tunaisikia kwenye kumbukumbu tu. Ilizama Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu, la walalahoi, halikuwa na orodha kabisa. Serikali ilitangaza waliokufa kuwa 894. Wengi wamezikwa Igoma, Mwanza.

Usiseme hayo ni mambo ya zamani. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ruhusa yake ilikuwa abiria 645. Tume iliyochunguza ilisema walikuwemo zaidi ya 2,400. Miili iliyopatikana ni 203, na zaidi ya watu elfu moja wakahesabiwa kuwa wamepotea. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikiwa inatoka Dar kwenda Zanzibar, njia hii hii ya kwenda kujirusha.

Wala sio sisi maskini tu. Januari 13, mwaka huohuo wa 2012, meli ya starehe Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Wapo mamia waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo na walikuwa bado hawajaonyeshwa namna ya kujiokoa. Baada ya hapo sheria za kimataifa zikabadilishwa. Kwenye hizo hoteli zinazoelea, sasa abiria wapya wanafundishwa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Tajiri na pesa zake anaacha glasi yake, anakwenda kuonyeshwa jaketi la kujiokolea linavyovaliwa. Wewe wa tiketi ya kawaida unaona aibu kuangalia chini ya kiti?

FANYA HAYA

Sikutishi, msomaji wangu. Boti zinakwenda na kurudi kila siku, na mimi mwenyewe nitapanda tena. Nasema hivi: starehe ina maandalizi yake, na haya hayagharimu hata senti tano.

Kwanza, jina kwenye tiketi liwe lile lililo kwenye kitambulisho chako. Ukiwa na mtoto, hakikisha naye ameandikwa. Jina la kwenye orodha ndilo linalowaambia waokoaji wamebakiza watu wangapi majini.

Pili, awepo mtu mmoja nchi kavu anayejua ukweli wako: boti gani, saa ngapi, uko na nani. Sio lazima awe baba. Shangazi wamewekwa duniani kwa kazi hiyo. Ukifika, mtumie ujumbe.

Tatu, ukikaa tu, tafuta jaketi liko wapi, mkanda wake unafungwaje, na mlango ulio karibu nawe ni upi. Dakika mbili zinatosha. Halafu endelea na mapozi.

Nne, tumia macho. Ukiona watu wamejaa mpaka kwenye njia za kupitia, wengine wamekalia mizigo na bado wanapandishwa, shuka. Watakucheka, watakuita mshamba. Nauli utaitafuta tena.

Najua wapo watakaosema, "Sasa huyu anatuambia tuwaambie wazazi tunakokwenda na mabwana?" Hapana. Mambo yako na wazazi wako yamalize kwenu. Siri ya mapenzi itunze utakavyo, lakini usiifanye siri ya kuwa upo hai.

Najua unataka kujua shoga yangu alifanyaje. Usiku uleule alimpigia simu shangazi yake akamweleza kila kitu. Shangazi akafoka kwanza, kisha akauliza boti ya saa ngapi. Tiketi ya jina la watu haikukatwa. Siku ya safari shoga yangu akapanga foleni dirishani na kitambulisho chake, na kwenye geti, kama mlivyokwisha kubahatisha, tukamkuta mjomba.

Akaitazama tiketi. Akamtazama mpwa wake. Akamtazama yule kijana, ambaye kwa jasho lile ungedhani amekwisha kuogelea tayari. Kisha akarudisha tiketi akasema, "Jaketi ziko chini ya viti. Jumapili mkirudi, huyu bwana nitamhitaji."

Jumapili tulirudi salama, na kijana akaenda kujitambulisha. Mpaka naandika hapa, barua ya posa imeshafika Magomeni. Wapo wanaosema bahari ilimlainisha, wapo wanaosema ni mjomba. Mimi simo.

Safari njema, na usisahau kanga.