Kiwanja cha Nyumbani Kinapohesabiwa na Medicaid

Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi Marekani zinaamini kwamba mzee akishafika miaka 65, Medicare itamtunza mpaka mwisho. Haitamtunza. Medicare hulipia matibabu. Mzee aliyelazwa hospitali siku tatu au zaidi, na bado anahitaji wauguzi, anaweza kulipiwa nyumba ya uuguzi kwa siku zisizozidi 100, na baada ya siku ya 20 huanza kuchangia. Kuogeshwa, kuvishwa na kuangaliwa usiku kwa miaka, hayo hayamo.

Na ndiyo yanayofilisi watu. Utafiti wa Genworth na CareScout wa 2024 ulionyesha kuwa chumba cha peke yako katika nyumba ya uuguzi kilikuwa kama dola 127,750 kwa mwaka, na cha kuchangia dola 111,325. Makazi ya wazee yenye wasaidizi yalikuwa dola 70,800. Mhudumu wa kuja nyumbani alikuwa dola 34 kwa saa: saa 44 kwa wiki zilifika karibu dola 77,800 kwa mwaka. Mzee akihitaji mtu usiku na mchana, hesabu hiyo inapita dola 290,000, na nyumba ya uuguzi inageuka kuwa ndiyo nafuu.

Anayelipia matunzo ya muda mrefu ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na masharti yake ni makali. Mwombaji athibitishwe kuwa hawezi kujihudumia, kipato chake kisizidi kiwango cha jimbo lake, na mali yake, katika majimbo mengi, isizidi dola 2,000. Nyumba anayoishi kwa kawaida haihesabiwi anapoomba. Mwenzi anayebaki nyumbani huruhusiwa kushika akiba zaidi. Mwaka 2025 kikomo cha juu kilikuwa dola 157,920.

Hapa ndipo watu wetu wanaponaswa. Kiwanja cha Kitengela au Kibaha kilichoandikwa jina la mzee ni mali yake, hata kama kipo ng'ambo ya bahari. Kukiandika haraka jina la mtoto hakusaidii, kwa sababu katika majimbo mengi Medicaid hupekua miaka mitano ya nyuma kutafuta mali zilizotolewa bure, fedha walizotumiwa ndugu zikiwemo. Kiasi kilichotolewa hugawanywa kwa gharama ya wastani ya mwezi mmoja ya nyumba ya uuguzi katika jimbo. Aliyegawa dola 60,000 mahali ambapo mwezi ni dola 10,000 atakaa miezi sita bila kulipiwa, tena miezi hiyo huanza kuhesabiwa akiwa tayari amefilisika na anahitaji msaada. Huo ni ukatili kwa watu waliolelewa kusaidia ukoo, lakini ndiyo sheria. Basi tunzeni risiti na maelezo ya kila fedha kubwa iliyotumwa.

Mzazi aliyeletwa na mwanawe kwa grini kadi kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kustahili Medicaid.

Kwa mzee asiye na mali na aliyetimiza muda huo, mimi ningeanza na huduma za Medicaid za nyumbani. Majimbo mengi huruhusu hata mtoto alipwe kwa kumhudumia mzazi wake, ingawa foleni ni ndefu, kwa hiyo jina liingie mapema. Makazi yenye wasaidizi yasiwavutie kwa bei tu: Medicaid inaweza kulipia huduma, lakini kodi ya chumba na chakula ni juu yenu.

Mwenye nyumba ajue pia kwamba akifariki, serikali hudai ilicholipa kutoka kwenye mirathi, ila husubiri mjane akiwa hai. Mtoto aliyeishi na mzazi na kumtunza kwa miaka miwili kabla hajahamia nyumba ya uuguzi anaweza kupewa nyumba hiyo bila adhabu. Kabla ya kusaini hati yoyote, ya kule au ya huku, muoneni wakili wa sheria za wazee katika jimbo lenu.