Redio ya Jeshi Haitaki Haraka

Askari aliyepata kuketi zamu mbele ya mtambo wa mawasiliano anafahamu kwamba redio ya jeshi haikuundwa ili ipendeze macho. Hata hivyo wako watu, hasa Marekani na Ulaya, ambao huzitafuta redio kuukuu za masafa mafupi na kuzipa heshima ya pekee nyumbani mwao. Miongoni mwa zinazosifiwa mno ni R-390A, iliyobuniwa na kampuni ya Collins kwa majeshi ya Marekani katika miaka ya 1950.

Ukiitazama ndani utaielewa sifa hiyo. Ina valvu 26, na uzito wake wakaribia kilo 40, hivyo mwenye meza dhaifu asijaribu. Ukizungusha kitasa, giya chungu nzima husogea na kusukuma vijiti ndani ya koili, huku namba zikijigeuza dirishani kama za mita ya gari, tangu megahezi 0.5 hadi 32. Sehemu zake kuu hutolewa kwa kulegeza skrubu zenye vichwa vya kijani. Fundi wa kambini hakuhitaji kubahatisha.

Lakini redio iliyostahimili miaka mingi ya kazi yaweza kufa sebuleni katika dakika ya kwanza. Mna kapasita ndogo, iitwayo C553, ambayo kazi yake ni kuzuia umeme mkali usiingie katika vichujio vinne vyenye vijisahani vya metali. Kapasita hiyo ikivuja kwa uzee, waya mwembamba wa kichujio huungua, wala kichujio hicho hakipatikani dukani. Ndiyo maana mkusanyaji mwenye busara hachomeki plagi siku ile ile aliyonunua. Kwanza huibadilisha kapasita, kisha huhakikisha waya wa ardhi umefungwa barabara, maana umeme kidogo huvujia kwenye kasha la chuma, na mguso wake si wa mzaha.

Wenye watoto waangalie jambo jingine. Redio na vipimo vingi vya kijeshi vya zama za Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipakwa rangi ya radiamu ili visomeke gizani. Mng'ao wake umekwisha fifia, ila radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kioo kisifunguliwe, wala rangi isikwanguliwe, hata kwa nia njema ya kusafisha.

Mtambo ukiisha kupata moto, kifaa cha kwatzi kilichomo hutoa alama kila baada ya kilohezi 100. Mwenye redio hulinganisha kwanza namba za dirishani na alama hizo, ndipo atafute kituo akipendacho.