Tukishazika, Tuandikishe Kifo

Ndugu katika imani, madhara ya janga la maradhi kwa taifa zima hupimwaje? Hesabu za Uviko-19 Tanzania zilisimama Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikaanza kutolewa tena 2021.

Wataalamu huchukua vifo vyote vya mwaka, wakatoa idadi iliyozoeleka. Kinachozidi ndicho kipimo. Hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021.

Lakini kifo kisichoandikwa hakihesabiki. Kuharakisha maziko ni Sunna, na kuandikisha hakuyacheleweshi, kwani hufanyika hata baadaye. Jamaa yetu akifia Bagamoyo, twende RITA. Akifia visiwani, tuanzie kwa sheha. Cheti hicho hutakiwa pia kwenye mirathi. Wallahu a'lam.